Shati Kavu la Japheth

Simpendi Japheth, na nalisema mapema ili mtu asije akatarajia niwe na huruma kwa kila upande. Sina. Hii ni habari ya Kwamboka, binti wa Nyamira, ambaye kwa miaka mitatu alilala kitanda cha juu nami nikilala cha chini, katika chumba chetu cha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha. Anayetaka kumsikia Japheth amtafute mwenyewe. Atamwelezea kwa lugha tatu, na kwa zote atadanganya.

Kwamboka alikuja Doha na cheti cha ualimu wa chekechea ndani ya bahasha ya plastiki. Kampuni iliyomleta ilikuwa ya usafi, kwa hiyo cheti kilikaa chini ya godoro naye akashika mopu. Lakini kila kiangazi, shule moja ya binafsi kule Al Rayyan ilifanya kambi ya watoto. Wazazi waliwaleta na mito yao na wanasesere wao, wakalala hapo wiki mbili, ndani kwa ndani, maana nje jua la huko haliguswi. Shule iliazima wafanyakazi kwa msimu huo. Mimi niliazimwa jikoni. Kwamboka, mwaka 2013, aliazimwa kuwa mlezi wa watoto.

Hamjaona mtu akifurahi kazini namna ile. Aliwasuka nywele, akawatungia nyimbo za kupigia mswaki, akajua nani analia bila blanketi lake na nani anajifanya. Madamu mwenye shule akamwona. Akamwambia kwamba chekechea yake inahitaji mwalimu kuanzia Septemba, na kambi ikiisha vizuri wataongea. Usiku huo Kwamboka alitoa ile bahasha chini ya godoro akaifuta vumbi. Hicho ndicho alichokitaka maishani, kuitwa mwalimu tena.

Msimamizi wetu alikuwa Japheth. Mkenya mwenzetu, miaka tisa Ghuba, Kiarabu kinamtoka kama amezaliwa nacho. Madamu alijua Kiingereza, lakini mambo mazito aliyazungumza kwa Kiarabu, na hapo Japheth ndiye aliyekuwa ulimi wetu. Ukiwa na homa, unamweleza Japheth. Ukitaka likizo, unamweleza Japheth. Tulimwona kama kaka.

Siku ya tisa ya kambi, saa nne kasoro asubuhi, watoto walikuwa kwenye bwawa la ndani. Kwamboka ndiye aliyekuwa wa zamu. Japheth akaja amevaa fulana, shati jeupe mkononi. Madamu alikuwa analeta wageni.

"Kwambo, nipigie hii shati pasi haraka. Mimi nitaangalia watoto."

"Watoto ni kumi na wawili, bosi. Wadogo wako upande huu."

"Si nimekuambia nitaangalia? Enda bana."

Akaenda. Aliporudi na shati kwenye henga, Japheth alikuwa amegeukia ukuta, anaongea na simu. Shamsa, binti wa miaka minne, alikuwa chini ya maji hasogei. Kwamboka alitupa shati kwenye benchi akaruka na nguo zake zote. Alimtoa, akamlaza, akampulizia pumzi mpaka mtoto akatapika maji na kulia.

Najua hayo kwa sababu nilikuwa mlangoni. Saa nne ndiyo saa ya juisi ya embe, nami nilikuwa nimesimama pale na trei. Watoto waliniita Mama Juisi. Niliona Japheth akimpokonya mtoto mikononi. Nilimsikia akimwambia Kwamboka akabadilishe nguo upesi, Madamu asimkute katika hali ile. Kwamboka akakimbia akidondosha maji. Japheth akavaa shati lake, akainama ukingoni, akajimwagia maji kichwani mara tatu. Nywele zikalowa. Shati akalisahau. Mistari ya pasi ilikuwa bado imesimama kwenye mikono.

Madamu alipoingia na wageni alimkuta Japheth amempakata mtoto aliyefungwa taulo, maji yanamchuruzika shingoni. Nani ataangalia shati wakati mtoto yuko hai? Nami nilirudi jikoni.

Mama yake Shamsa aliitwa. Wakakaa ofisini, Japheth na nywele zake mbichi na shati lake kavu, wakaongea Kiarabu mbele ya Kwamboka. Japheth akamnong'oneza kwa Kiswahili.

"Skiza, mama anataka kuita polisi. Mimi nakutetea. Usifungue mdomo hata kidogo. Wakikuangalia, wewe itikia na kichwa tu. Niachie."

Wakamwangalia. Akaitikia kwa kichwa. Wakamwuliza tena, akaitikia tena. Alikuwa anaitikia kwamba alimwacha mtoto majini akaenda zake, na kwamba Japheth ndiye aliyeruka. Barua ikaandikwa kwa Kiarabu, akaweka sahihi. Alijua imeandikwa nini siku nne baadaye, Mmisri mmoja wa stoo alipomsomea kwa huruma. Hata kwa Kiingereza, nani angemwamini dhidi ya sahihi yake mwenyewe?

Kampuni ikampeleka kusugua vyoo vya mnara mmoja wa West Bay. Aliomba chekechea tatu, na kila moja ilipopiga simu shuleni, barua ile ilisomwa. Familia ya Shamsa nayo ilimletea Japheth saa ya mkononi ya dhahabu, na kila Idi wakamletea udi na halua. Alivyoringa na ile saa! Ukimwuliza jambo, kwanza anaitazama.

Na mimi? Nilifyata mdomo. Nilikuwa na mkataba wa jikoni wa kusainiwa, na mtu wa kusaini alikuwa Japheth. Nilijiambia Kwamboka hajui kwamba niliona, kwa hiyo simkosei kwa lolote. Nilimpikia. Nilimkanda mgongo. Tulimtukana Japheth pamoja kila Ijumaa, mimi nikimtukana zaidi.

Mwaka 2015 kambi ilianza baada ya Idi. Kampuni ya usafi ikabadilisha watu wake, na jina la Kwamboka likaangukia shule ile ile. Safari hii alikuja na mopu. Madamu alimpita koridoni bila kumtambua, maana mavazi ya usafi yanafuta sura ya mtu. Japheth alimtambua.

"Kumbe bado uko Doha! Pole na kazi," akamwambia, na macho makavu kabisa.

Kwamboka alisema asante. Jioni chumbani alisema kwamba anamtaka mtu huyu aumbuke, na aumbuke mbele ya watu, kwa sababu yeye alimwumbua mbele ya watu. Alilisema hilo huku akikunja soksi. Nilimwambia nami namtaka hivyo hivyo.

Siku ya tatu ndoo ya mopu ilimwangukia mguuni. Watoto wakacheka, isipokuwa mmoja, binti wa miaka sita aliyekuja akamgusa goti akasema, "Pole."

Kwamboka akaduwaa. Neno hilo halipo kwenye Kiarabu wala Kiingereza. Akamwuliza kwa Kiingereza nani amemfundisha. Bibi yangu, akasema mtoto. Bibi alizaliwa Unguja, akaenda Oman akiwa msichana, akaolewa Doha, na akiwa na hasira au huruma husema lugha hiyo. Jina lako nani? Shamsa.

Kwamboka aliniletea habari hiyo jikoni akiwa amekamata mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma. "Loice, miaka miwili! Bibi wa huyu mtoto anaongea Kiswahili, na mimi nilikuwa naitikia kama mbuzi!"

Nikamwambia amwendee huyo bibi amweleze. Alitikisa kichwa. Msafishaji haruhusiwi kusogelea wazazi, na hata angeruhusiwa, hakutaka kunong'ona. Siku ya kufunga kambi watoto huimba ukumbini, na familia ya Shamsa ilikuwa imealikwa viti vya mbele, kando ya Japheth wao.

Basi kila mchana, akipiga deki bweni wakati wa mapumziko, aliimba wimbo aliotunga mwenyewe. Watoto wakamkusanyikia. Baada ya siku mbili waliimba nao, Wafilipino, Wasudani, Waqatari, wote kwa Kiswahili kilichonyooka. Proscovia, Mganda aliyesimamia michezo, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, aliupenda akauweka kwenye ratiba. Nami nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa napiga makofi! Nilisaidia hata kutafuta vina. Sijawahi kuwa na furaha mbaya tamu kama ile.

Japheth aliusikia kwenye mazoezi. Nilimwona akisimama ghafla. Kisha akacheka, akamsogelea Kwamboka.

"Umenitungia wimbo? Sawa, waimbe tu. Nani ataelewa hapa? Waarabu?"

Alizoea kuwa yeye peke yake mwenye lugha zote. Miaka miwili alikula halua ya nyumba ile, na hakuwahi kumsikia yule bibi akisema na mjukuu wake, kwa sababu hakuwahi kumsikiliza mwanamke yeyote.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi ukumbi umejaa. Bi Zuwena, bibi yake Shamsa, aliketi mbele na fimbo yake, na kando yake Japheth katika shati jeupe, saa ya dhahabu nje ya mkono wa shati. Mimi nilisimama ukutani na trei za juisi. Kwamboka alikuwa mlangoni na mopu yake. Watoto thelathini wakapanda jukwaani.

*Kaka mkavu, kaka mkavu,*
*mtoto yu majini, wewe u kwenye simu!*
*Nani aliruka? Nani aliruka?*
*Dada wa pasi aliruka!*

*Kaka mkavu, kaka mkavu,*
*nywele zina maji, shati lina pasi!*
*Nani kasifiwa? Nani kasifiwa?*
*Kaka mkavu kasifiwa!*

Bi Zuwena, aliyekuwa akitabasamu kwa kusikia lugha ya utotoni mwake, aliacha kutabasamu. Japheth alikuwa bado anapiga makofi. Nilivyojua mimi, wimbo uliishia hapo. Nilikuwa nimeanza kuinua trei. Watoto wakavuta pumzi, wakaanza ubeti ambao sikuwahi kuusikia.

*Nani aliona? Nani aliona?*
*Mama Juisi aliona!*
*Akasemaje? Akasemaje?*

Na hapo wote thelathini wakaweka kidole mdomoni, wakanigeukia, wakasema, "Shiiii."

Ukumbi ulicheka, kwa kuwa watoto walipendeza. Nilimtazama Kwamboka. Hakuwa akimtazama Japheth hata kidogo. Alikuwa akinitazama mimi.

Bi Zuwena alisimama. "Nani kautunga wimbo huu?"

"Ni mimi, bibi," Kwamboka akajibu kutoka mlangoni.

"Na mtoto wa majini ni nani?"

"Ni mjukuu wako, Shamsa. Mwaka juzi, katika bwawa la hapa."

Japheth akaruka na Kiarabu chake, haraka haraka, mikono hewani. Bi Zuwena akamgongea fimbo sakafuni.

"Sema Kiswahili, baba. Nakusikia vizuri zaidi."

Miaka kumi na moja ya lugha tatu, na hakupata hata neno moja. Bibi akamwacha, akauliza Mama Juisi ni nani, na watoto wakaninyooshea vidole kwa furaha. Akaja mpaka mbele yangu.

"Siku ile ulimwona mwanamume huyu?"

"Nilimwona, bibi."

"Shati lake lilikuwa limelowa?"

"Lilikuwa kavu. Lilikuwa na mistari ya pasi. Aliyeruka ni Kwamboka."

"Na wewe ulikuwa wapi miaka miwili hii?"

Hakungoja jibu langu. Aligeuka akamweleza Madamu kwa Kiarabu, polepole, neno kwa neno. Kisha akanyoosha kiganja mbele ya Japheth. Japheth alichukua muda mrefu kufungua ile saa, na watoto walisogea karibu kuangalia.

Madamu akatuma faili liletwe. Akamwambia Kwamboka aseme anachotaka. Kwamboka alitaka jambo moja. Alitaka Japheth aisome ile barua pale pale, na aitafsiri kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kwa sababu hakuwahi kuambiwa anaitikia nini. Japheth akaisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Bi Zuwena alimsahihisha mara mbili alipojaribu kuruka maneno. Nilifurahi, sitaficha.

Japheth aliondoka shuleni wiki hiyo. Kwamboka alipewa chumba cha walimu na darasa la watoto ishirini. Alipokuja kuchukua vitu vyake Fereej Bin Mahmoud, nilimsubiri nimeketi kitandani kwangu. Nilimwuliza alijua tangu lini.

"Tangu siku ile ile. Nikitoka majini nilikuona mlangoni na trei yako."

"Mbona hukuniuliza, Kwambo? Tumekula sahani moja miaka yote hii!"

Alikuwa anakunja shuka la kitanda cha juu.

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Kila Ijumaa ulipomtukana, nilidhani leo atasema."

Alinishukuru kwa kumkanda mgongo. Akachukua bahasha yake ya plastiki, akashuka ngazi.

Mkataba wangu wa jikoni haukuguswa, na kila kiangazi bado naazimwa. Watoto wa kambi hubadilika, lakini wimbo wanaachiana, wakubwa kwa wadogo, na hakuna ajuaye tena unamsema nani. Japheth hayupo wa kuusikia. Mimi nipo. Saa nne nikiingia na trei ya embe, wote huweka kidole mdomoni wakanifanyia shiiii, nami nawamiminia mmoja mmoja mpaka juisi iishe.