Gazeti la Gari Moshi

Wakati wa vita mume wangu alikuwa askari ng'ambo, na mimi na mama mkwe tuliuza mihogo ya kuchemsha stesheni ya Ruvu. Gadi wa gari moshi alikuwa na gazeti lenye ukurasa wa salamu za askari kwa jamaa zao. Aliniazima wakati injini ikijazwa maji, na king'ora kikilia alilichukua.

Siku ya kwanza nilisoma kama nilivyozoea kusoma chuoni: kwa sauti, mbio, bila kukwama, mpaka abiria wakachungulia madirishani. Nilijivuna, sikatai. Gazeti likaenda zake. Mama mkwe akauliza, "Haya, mwanangu, wamesema nini?" Katika yote niliyosoma sikubakiwa na hata neno moja.

Hakunigombeza. Yeye hakujua hata herufi moja, lakini tulipofika nyumbani alinipa ungo wa mchele nichambue. "Mbona hushiki kila punje?" akauliza. Nikamjibu kwamba natafuta mawe. "Basi gazeti nalo ni hivyo hivyo. Jua kwanza unachokitafuta." Akanitajia mawe yangu matatu: yu hai? Yuko wapi? Atarudi lini?

Tangu hapo nikafunga mdomo, nikayaacha macho yateremke ukurasa. Wiki nyingi zilipita bure. Kisha siku moja macho yakagota kwenye jina lake. Yu mzima. Wamefika bandarini, wanangoja meli ya kuwarudisha. Nikamrudishia gadi gazeti lake maji hayajajaa, akadhani sikusoma. Mama aliposikia aliketi chini palepale, akacheka huku akilia. Sijapata kufurahi vile.

Akajifuta machozi, akauliza, "Na wewe je, amekuambia nini?"

Hilo sikulitafuta. Palikuwa na mistari miwili zaidi, niliiona, nikairuka. Gari moshi lilikwisha vuka daraja.

"Haraka haraka haina baraka," akasema mama, kana kwamba si yeye aliyenifundisha.

Mume wangu alishuka stesheni ile ile, amekonda, meno yote nje. Alipokwisha kumwamkia mama yake, nikamuuliza ile mistari miwili ilisema nini. Akaona haya, akataka kuipitia mbiombio.

"Polepole," nikamwambia. "Neno moja moja."

Mama mkwe akatupa mgongo, akajitia kupanga mihogo.