Mshonaji Aliyepanda Baiskeli Uchi

Msinione nauza tamale, unga wa mahindi uliopikwa kwenye maganda yake, mkadhani sina cha kusema. Kuhusu Obdulia Arriaga ninacho, tena kingi, maana watu wa mtaa wetu wa Santa Anita wamemsema mpaka wamechoka wenyewe, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika nguo zake.

Obdulia ni komadre wangu. Binti yake nilimsimamia ubatizo, na tangu siku hiyo hatuitani majina, ni komadre huku, komadre kule, hata tukigombana. Ni mjane, miaka sitini na kitu, mfupi, mnene kidogo, na kazi yake ni kumvisha Mungu nguo. Sifanyi mzaha. Kila nyumba hapa ina Mtoto Yesu wake wa plasta, anayelazwa pangoni Krismasi. Ikifika Kandelaria, mwanzoni mwa Februari, lazima ainuliwe, avishwe nguo mpya na kupelekwa misani kubarikiwa. Mwaka wa kwanza anavaa nyeupe tupu, mwaka wa tatu anakalishwa kwenye kiti chake cha enzi, na ole wako ukosee. Basi mwezi wa Januari meza ya Obdulia ilikuwa inajaa Watoto wa watu, na kutoka hapo alikula nusu mwaka. Lakini si kula tu. Mwanamke unayempa Mtoto wako amvue na kumvisha, huyo unamwamini kuliko dada yako wa tumbo moja.

Nguo zikishakamilika alizipeleka kwa baiskeli ya marehemu mumewe, Mtoto amekaa ndani ya kapu la mbele kama abiria. Siku moja, kwenye barabara kuu ya La Viga, gari likamzoa. Mwenye gari akashuka, kijana nadhifu, anakaribia kulia. Akasema, "Mama, sikukuona." Hakumwona! Komadre wangu alikuwa na sketi ya njano na kofia ya majani pana kama sinia, na kapuni mna Mtoto Yesu mwenye mabawa ya dhahabu. Mtu angewaona hata akiwa mwezini. Mtoto alivunjika kidole kimoja. Obdulia alivunjika nyonga na paja.

Mifupa iliunga. Woga ndio uliobaki. Alikuwa akifika pale kona, akisikia injini, anakamata ukuta kama mtu aliye juu ya paa. Baiskeli ikatundikwa uani. Akawa haendi sokoni, haendi kwa binti yake, anashona tu, na dirisha amelifunga kwa sababu ya kelele za magari. Mimi nilimletea mboga, nilimletea tamale, nilimletea na umbea ili acheke. Hakucheka. Nilikuwa nikitoka kwake najisikia nimetembelea kaburi.

Sasa kuna msichana mmoja anayekuja kula kwangu asubuhi, ameegemeza baiskeli yake kwenye sufuria zangu bila adabu, na ndiye aliyenipa habari. Nikazibeba mbio kwa Obdulia.

"Komadre, sikia kichekesho. Jumamosi kuna wale vichaa wa kila Juni, watapita barabara ya Reforma kwa baiskeli, uchi kama walivyozaliwa."

"Uchi? Kwa nini?"

"Eti wenye magari hawawaoni barabarani. Sasa watawaona!"

Nilicheka peke yangu. Yeye alitia mishono miwili mitatu, akakata uzi kwa meno. "Wanaanza saa ngapi?"

"We komadre!"

"Nauliza saa tu."

"Unauliza saa ya nini? Mwanamke mzima, bibi wa watu, kanisani unakaa benchi la pili!"

"Utanisindikiza au hutanisindikiza?"

Nilimsindikiza. Ningefanyaje? Alikuwa hajauliza saa ya kwenda popote kwa zaidi ya mwaka mzima. Baiskeli tuliipakia kwenye pikapu ya mtu anayeniuzia unga, tukamdanganya kwamba tunaipeleka kwa fundi.

Pale Mnara wa Mapinduzi, wanakoanzia, palikuwa na watu, nyie! Maelfu. Vijana wamejipaka rangi ya samawati mwili mzima, wasichana wameandika mapajani, mzee mmoja mwenye tumbo lake amevaa tai na soksi, basi. Nilitazama chini, kisha nikachoka kutazama chini. Yule msichana wangu wa tamale akatuona, akaja akatukumbatia, naye hana hata kitambaa. Akasema pale hakuna amri, kila mtu avae anachotaka na avue anachoweza.

Obdulia alivua kimoja kimoja. Na kwa kuwa ni mshonaji, kila alichovua alikikunja, mshono kwa mshono, akaniwekea mikononi. Akabaki na viatu na kofia. Ndipo nikaliona lile kovu lote, kutoka nyonga mpaka gotini, jekundu, limekunjamana. Nilikuwa nimempikia, nimemwosha nywele, nimemshika mkono kwenda chooni, lakini kovu hilo alikuwa hajanionyesha kamwe. Nikalia. Yeye akanipa kopo la rangi.

"Acha kulia, niandikie mgongoni."

"Niandike nini?"

"Andika, 'Sasa unaniona?'"

Mimi mwandiko wangu ni wa kuku. Maneno yalianza vizuri mabegani, yakaanza kuteremka, na alama ya kuuliza ikaishia makalioni, Mungu anisamehe. Aliponiuliza kama imekaa vizuri nikamwambia imekaa vizuri sana.

Alipanda. Gurudumu likayumba, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshaingia katikati ya wenzake, kofia tu ndiyo inaonekana. Kando ya barabara kulikuwa na wanaume wanapiga miluzi, mmoja akapaza sauti, "Bibi, rudi jikoni!" Komadre wangu akamvulia kofia kwa heshima kama anamsalimia padri. Watu walimpigia makofi, yule mwanamume akatafuta pa kujificha.

Aliporudi alikuwa mwekundu kwa jua, anacheka huku machozi yanamtoka. "Komadre, magari yalisimama. Yote! Nimepita katikati ya barabara na yote yamesimama." Nikampa nguo zake, akavaa. Nikatafuta ile pikapu. Akasema, "Pikapu ya nini?" Akarudi nyumbani kwa baiskeli, peke yake, kwa njia ileile ya La Viga. Tangu siku hiyo dirisha likafunguliwa, akaanza tena kwenda kwa binti yake na sokoni, na mimi nikapumzika kubeba mboga.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na wapiga picha. Kesho yake gazeti likaning'inizwa pale kwa muuza magazeti, na komadre wangu yumo, kofia mkononi. Sitaki kueleza mengi kuhusu picha ile. Alionekana ana furaha, hilo tu nitasema.

Aliyeongoza hasira ya mtaa alikuwa Bi Trinidad Olvera, mkuu wa akina mama wa parokia. Msidhani ni mtu mbaya. Ni mtu wa kwanza kufika kwenye msiba na wa mwisho kuondoka. Lakini yeye Mungu anamshika kama chombo cha kioo. Hakusema kitu Juni ile ya baiskeli wala Julai. Alingoja Januari, na Januari ilipofika meza ya Obdulia ikabaki na mkasi na sindano. Watoto wa mtaa mzima walipelekwa kwa mwanamke mmoja wa ng'ambo ya La Viga, anayeshona kwa haraka na kutumia gundi. Gundi!

Nilikuwa pale Bi Trinidad alipokuja. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Obdulia, mimi sikuchukii."

"Najua, Bi Trini."

"Lakini niambie wewe mwenyewe. Mikono iliyokuvua nguo mbele ya wanaume wa jiji zima, ndiyo imvue na kumvisha Mungu wangu?"

"Mikono ni hii hii. Miaka yote ni hii hii."

"Basi ifanyie kitu. Nenda ukaape."

Hapa kwetu mlevi akitaka kuacha pombe, anapiga magoti mbele ya padri na kuapa kwamba hatagusa chupa kwa mwaka, au kwa miezi kadhaa, anavyoweza. Akishaapa hata marafiki zake hawamsumbui. Unasema tu, "Nimeapa," na wanakupa soda. Bi Trinidad alitaka Obdulia aape vivyo hivyo, kwamba hatapanda tena baiskeli bila nguo. Akiapa, Watoto wote watarudishwa mezani kwake, naye Trinidad wa kwanza. Asipoapa, hapana.

"Si mshahara mdogo huo," nilimwambia Obdulia tulipobaki wawili. "Ungekubali tu, komadre. Utaapa, utakula. Uchi umeshauonja."

"Hujaelewa kitu, wewe."

"Nimeelewa kwamba Machi utakula mkasi!"

Jumapili akaenda kanisani. Nikaenda nyuma yake, ningekosaje? Kwenye foleni ya kuapa kulikuwa na wanaume peke yao, macho mekundu, wengine wameletwa na wake zao wamekamatwa kwapani. Mbele yetu alikuwa Chon, fundi bomba, mteja wangu wa asubuhi za kichwa kizito. Akageuka.

"Mama Obdulia! Na wewe unakunywa?"

"Sinywi. Napanda baiskeli."

"Na hiyo siku hizi ni dhambi?"

"Bila nguo."

Chon akafikiri. Akageukia wenzake. "Jamani, mpisheni apite mbele, hali yake mbaya kuliko yetu."

Walicheka mpaka mshika sadaka akatoka kuwakemea, na Obdulia naye alicheka. Lakini alipopiga magoti mbele ya Padri Wenseslao kicheko kilikuwa kimekwisha. Padri akamuuliza anaacha nini. Akaitazama mikono yake. Padri, ambaye ni mzee na hana haraka, akamwambia, "Binti yangu, hapa tunaapia kitu kinachotuua. Kama kuna kitu kinachokuua, kiseme."

 Obdulia akasema, "Basi padri, nimekosea foleni. Hiki ndicho kilichonitoa kaburini." Akainuka kwa shida, akishika ile nyonga, akaondoka.

 Njiani nilikuwa na hasira naye, na papo hapo nilikuwa namjivunia.

Kandelaria ikafika na baridi yake. Nilimpitia asubuhi nikamkuta amevaa nguo yake nyeusi nzuri, shali begani, amempakata Mtoto wake mwenyewe, yule aliyeachiwa na mama yake. Mtoto ana winda tu.

"Nguo yake iko wapi?"

"Sijamshonea."

"Wewe? Wewe ndiye umekosa kumshonea wako?"

"Nimejaribu, komadre. Nimekaa na kitambaa wiki nzima. Kila nikishika mkasi nasikia wanavyosema hii mikono ni michafu." Akamvuta Mtoto karibu. "Mwisho nikaanza kuogopa wasije wakawa wanasema kweli. Basi atakwenda alivyo, na mimi nilivyo."

"Atapata mafua."

"Ni plasta."

"Na wewe utapata aibu, na wewe si plasta!"

Kanisa lilijaa Watoto wa kila aina, waliovaa joho, waliovaa sare ya udaktari, mmoja jezi ya mpira. Tulipoingia benchi letu likawa pana ghafla. Nikasikia minong'ono inasafiri kwenda mbele, benchi kwa benchi, mpaka ikamfikia Bi Trinidad. Mtoto wake alikuwa amevaa joho la gundi, kola imempanda mpaka midomoni. Akageuka. Akamwona Mtoto wa Obdulia na winda lake. Akampa jirani Mtoto wake amshikie, akainuka, akaja kwetu katikati ya misa, na mimi nikaushika mshumaa wangu vizuri, maana nilikuwa tayari kumpiga nao.

"Kanisa lina baridi," Bi Trinidad alisema. "Unamweka hivi?"

"Sikuweza kumshonea."

 Bi Trinidad akavua shali yake mwenyewe, ya sufu nzuri, akaanza kumfunga Mtoto. Alimfunga kama anafunga mkate, na kichwa kikazama ndani. Obdulia alivumilia, alivumilia, akashindwa.

"Si hivyo, Bi Trini. Unamziba pua."

"Hapumui huyu, Obdulia."

"Hata kama. Shika kichwa."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Sasa niachie shali."

Akaifungua yote, akaanza upya, taratibu, huku Bi Trinidad amekishika kile kichwa kidogo kwa viganja viwili. Padri Wenseslao alifika na maji ya baraka kwenye benchi letu, akasimama akingoja, na kanisa zima likangoja naye. Bi Trinidad hakuinua macho. Akauliza kwa sauti ya chini, "Juni utapanda tena?"

"Nitapanda."

 Nikajua sasa Bi Trinidad atakiachia kile kichwa, atarudi benchini kwake na shali yake, na mambo yatakuwa yamekwisha moja kwa moja. Hakuachia.

"Haya," alisema. "Mkono wake wa kulia bado uko nje."