Nipeleke Ulikoharibu

Mafundi wa Kamenu, mtaa wa Thika, walikuwa wameanza kumkwepa Benta. Si kwamba alikuwa mkali au mbishi. Tatizo lilikuwa ombi lake. Fundi akishamaliza kujisifu na kumwonyesha picha kwenye simu, Benta alimwambia, "Hizi ni poa. Sasa nipeleke place uliharibu kazi."

Ombi hilo lilitokana na uchungu. Krismasi iliyopita mama yake, Akello, alitoka kwao Ugunja kuja kumtembelea, akaingia bafuni asubuhi, akateleza. Sakafu ilikuwa imetengenezwa na fundi mmoja mwenye maneno matamu. Iliinama kuelekea mlangoni, kwa hiyo maji yalikimbilia chumbani badala ya kwenda kwenye tundu lake. Mama hakuvunjika mfupa, lakini kesho yake alifunga mizigo, akaapa hatalala tena Thika mpaka binti yake awe na bafu la watu. Benta, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo anayeishi peke yake tangu watoto waende kujitegemea, alimkumbuka mama yake kila siku. Sasa mama alikuwa amekubali kuja Jumamosi, kujaribu, siku mbili tu.

Mafundi wawili waliapa kwamba hawajawahi kuharibu kazi. Benta aliwapa chai, akawaaga. Asiyekosea ni Mungu, na Mungu hajengi mabafu.

Wa tatu aliitwa Kilonzo, mwanamume mpole wa maneno machache. Alijikuna kidevu kwanza.

"Ruiru," akasema. "Lakini mama wa huko ataniongelesha vibaya."

"Twende tu."

Aliyewafungulia mlango huko Ruiru ni Mwanamisi, muuza mitumba. Alipomwona Kilonzo, akashika kiuno.

"Umerudi? Dada, huyu aliniwekea sinki jikoni, ikavuja mpaka unga yangu yote ikalowa."

"Halafu?" Benta akauliza.

"Halafu akarudi kabla sijampigia. Ati hakupata usingizi akifikiria hiyo paipu. Akatoa yote, akaanza upya." Mwanamisi akawavuta ndani. "Keti, Kilonzo. Bado nimekukasirikia, lakini chapati iko."

Benta alimaliza chapati yake akiwa ameshaamua.

Kilonzo alianza kazi Jumanne. Alibomoa sakafu ya zamani, akamwaga mpya, akaisawazisha kwa mwiko huku amepiga magoti siku nzima. Jumamosi asubuhi alimwaga ndoo ya maji kuijaribu. Maji yalikwenda yote kwenye tundu, ila kidogo yakabaki kwenye kona, kama ya kujaza sahani.

"Hiyo si kitu," Benta akasema, macho kwenye saa. "Mama anafika saa saba. Nitakuwa napanguza."

"Ni yeye ataikanyaga," Kilonzo akajibu, akachukua nyundo na tindo.

Benta alipandwa na hasira hata akatamani kumfukuza. Angemwambia nini mama yake? Alizunguka nyumba akipanga visingizio, na hakuna hata kimoja kilichosimama.

Akello alifika akapokewa na vumbi. Aliweka chini mfuko wake wa omena, dagaa wa kwao, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa bafu.

"Nani amevunja?"

"Ni fundi mwenyewe, Mama. Maji ilibaki hapo kwa kona."

"Na nani alimwambia avunje?"

"Hakuna. Mimi hata nilimkataza."

Mama mzee alimtazama Kilonzo kama anavyotazama ng'ombe wa kununua.

"Ukiweka simiti mpya, itakauka lini?"

"Ukiipatia wiki moja, mama, itakuwa sawa."

Akello alivua viatu, akajiegemeza kwenye kochi, akanyoosha miguu. Benta alisimama pale akingoja kugombezwa.

"Mimi nitaoga kwa beseni," mama yake akasema. "Mambo ya kurudi Ugunja tutaongea ikikauka."