Pasi ya Kukaa Kwetu

Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai upande wa Kericho, laini, yaani safu ya nyumba, ya tatu kutoka bombani. Chuo kikuu nilichosoma hakifiki mwendo wa saa moja kutoka hapo. Hata hivyo, katika faili zao mimi nilikuwa mwanafunzi wa kigeni, na kila mwaka ilinibidi niombe pasi ya kuniruhusu kukaa mahali kilipozikwa kitovu changu.

Wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Tanzania wakiwa vijana, wakaajiriwa kuchuna majani, na hakuna aliyewauliza lolote ila kama mikono yao ni myepesi. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Wenzangu walipofika umri wa kuchukua kitambulisho, chifu alitaka kuona cha baba au cha mama, nami sikuwa na cha yeyote kati yao. Ikabidi niende kijiji alikozaliwa mama, ng'ambo ya mpaka, kutafuta pasipoti. Huko walikicheka Kiswahili changu wakaniuliza Kenya kukoje. Nikarudi na pasipoti ya nchi niliyokaa wiki tatu. Wakati ule hata mimi nilicheka. Sikuwa bado na akili ya kukasirika.

Mwaka wa tatu wa masomo nilikwenda ofisi ya uhamiaji kuomba pasi upya. Afisa aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo, mwenye sweta ya kufumwa na sauti ya upole, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: sikupata hata mtu mbaya wa kumchukia.

"Likizo huwa unafanya nini, msichana?" akaniuliza huku akijaza fomu.

Nilikokulia, swali hilo lina jibu moja tu la heshima. Mtoto akifunga shule anabeba kikapu, anaingia shambani na mamake, na majani yote yanapimwa kwa nambari moja ya mama. Asiyefanya hivyo husemwa laini nzima, na Jumapili wamama wa kanisa humwangalia kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo nilijibu kwa kujigamba.

"Huwa namsaidia mama kuchuna majani." Nikamwonyesha na vidole, bado vina weusi wa utomvu wa chai.

Kalamu yake ikasimama. "Hiyo ni kazi. Pasi ya mwanafunzi hairuhusu kazi."

"Lakini silipwi. Inaandikwa kwa nambari ya mama."

"Na mama ako na pamiti ya kufanya kazi hapa?"

Miaka yote hiyo mama alikuwa na nambari, gamubuti na aproni ya plastiki. Pamiti sikuwahi kusikia mtu akiitaja. Nikaelewa, nimesimama pale mbele ya meza, kwamba nimemchongea mama yangu mzazi kwa mdomo wangu mwenyewe, tena nikitabasamu.

Afisa alitazama mlangoni, akairarua ile fomu, akanipa nyingine. "Andika likizo unaenda kwenu Tanzania kwa wazazi," akasema polepole. "Na usionekane tena ndani ya chai. Mtu akituletea barua ya kukuchongea hapa, wataanza na wewe wamalize na mamako."

Niliandika. Mwandiko wangu ni mzuri, na siku hiyo niliutunza zaidi. Pasi ikagongwa muhuri.

Desemba hiyo mvua haikukatika na majani yaliota kwa fujo. Mimi nilikaa ndani. Mama akitoka alfajiri, namsikia akivuta mlango taratibu asiniamshe, nami niko macho. Jirani zetu walisema kisomo kimeniharibu, kwamba siku hizi naogopa kuchafua kucha. Niliwakasirikia sana, ingawa angekuwa mtoto wao, mimi pia ningesema hivyo hivyo. Nilipika, nikafua, nikasugua sakafu ya simenti mpaka ikachoka. Mgongo wa mama ulikuwa umeanza kumsumbua, na mashine za kuchuna zilikuwa zimeshachukua kazi ya nusu ya watu wa laini yetu. Aliyepungukiwa kilo ndiye aliyekuwa akiitwa ofisini.

Siku moja, adhuhuri, supavaiza alikuja kusimama mlangoni kwetu. Ni mtu aliyenijua tangu natambaa.

"Wewe, si utoke usaidie mamako?" akaniambia. "Kilo zake zimeenda chini kabisa, na mwezi huu wanapunguza watu. Ama unangoja mpaka aanguke?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alitokea nyuma yake, kikapu mgongoni, amejipinda upande mmoja.

"Mwache, bwana," akasema. "Huyu ni mgeni. Alikuja tu kunitembelea. Kwao ni Tanzania."

Supavaiza akaangua kicheko, akadhani ni utani. Mama hakucheka. Aliyasema kama nilivyomfundisha mwenyewe siku niliyofunga chuo, nikimrudisha nyuma kila alipojisahau na kusema "mwanangu".

Aligeuka akarudi shambani peke yake. Nami nilifunga mlango, kwa sababu nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nimalize, na niliutaka mwaka huo kuliko nilivyotaka mama apumzike.