Mama Aliokota Karatasi ya Kuni

Nilikuwa mwalimu wa jiografia Nyaishozi nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya nishati endelevu katika chuo kimoja Dar es Salaam. Masharti yake yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Kwa kuwa fizikia niliiacha kidato cha nne, ilibidi kwanza nisome kozi ya kujazia pengo, nikikaa dawati moja na vijana waliotoka uhandisi moja kwa moja. Baada ya hapo ukaja mwaka wa madarasa: umeme wa jua, gesi itokanayo na taka, uchumi wa nishati. Kisha pendekezo la utafiti, kibali cha maadili, kazi ya uwandani ambayo lazima ipite masika na kiangazi, tasnifu, na makala moja iliyokubaliwa na jarida. Bila hiyo makala huvai joho.

Nilimweleza mama yote hayo likizo ya kwanza, tukimenya ndizi nyuma ya nyumba yetu Bugomora. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na ukishamaliza utakuwa umejua nini?"

"Namna watu wanavyoweza kupika bila kuni."

"Hilo hata mimi nalijua. Wanakula vibichi." Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Kikohozi cha mama tulikuwa tumekizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo chenye mafiga matatu na dirisha la ukubwa wa sahani. Maharage yalichemka humo kuanzia asubuhi, na yeye alikaa humo nayo.

Nilichagua kutafiti biogesi, gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi cha ng'ombe, kwa sababu kijijini kwetu kaya nyingi zilikuwa na ng'ombe wa kufungia bandani. Mradi mmoja ulikubali kujenga mitambo. Ila utafiti wa aina ile unadai makundi mawili. Kundi la kwanza linajengewa mtambo mara moja. La pili linaendelea na kuni mpaka vipimo viishe, ndipo nalo lijengewe. Katika kila jiko ningetundika kifaa kidogo cha kupima moshi, na kila nilipopita ningepima mzigo wa kuni kwa mizani ya kuning'iniza. Bila kundi la kuni, hakuna cha kulinganisha, na bila cha kulinganisha hakuna shahada.

Sikukusudia mama awemo. Mtendaji wa kijiji ndiye aliyeniambia kwamba nikimwacha mama yangu nje, watu watasema kuna ubaya ninaoufahamu. Msimamizi wangu chuoni alisita, kisha akakubali kwa sharti kwamba kura ipigwe hadharani. Tukaipiga baada ya ibada ya Jumapili, kwenye uwanja wa kanisa, karatasi zikiwa ndani ya kikapu. Mama aliingiza mkono, akafunua karatasi yake, akaiinua watu waione. Kuni.

"Binti yako ni mwadilifu," mzee mmoja akamwambia mama, na watu wakacheka. Mama naye alicheka.

Masika yalipita vizuri. Kiangazi kilipoingia, mama alianza kusimama njiani akitoka kwenye kibanja, shamba letu la migomba, ameshika mgomba. Baadaye akawa halali chali. Alilala ameegemea ukuta. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi naye na kufanya kazi ya bodaboda ya kwenda Murongo, alinipigia simu nikiwa darasani Nyaishozi, nilikokuwa nimerudi kufundisha wakati wa kazi ya uwandani. Tukampakia kwenye gari la jirani hadi hospitali.

Daktari alikuwa kijana. Aliangalia picha ya kifua, akaniuliza mimi, si mama, "Anavuta sigara?"

"Hajawahi."

"Tumbaku ya kutafuna? Kiko?"

"Hapana."

"Anapikia nini?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa heshima ya Kinyambo na kujivuna kidogo: "Kuni, waitu. Mwanangu ndiye anayezipima."

Daktari akatuambia kwamba mapafu yameshachakaa na hayatarudi yalivyokuwa. Dawa zitamsaidia kupumua, lakini moshi ukome leo hii.

Nilimpigia msimamizi wangu nikiwa nje, karibu na mahali watu wanapofulia nguo za wagonjwa. Alikuwa mtu mpole. Alisema, "Sikukatazi. Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote, hiyo ipo kwenye kibali. Nakwambia tu kitakachofuata. Kaya zako za kuni tayari ni chache. Ikitoka moja katikati ya kiangazi, kamati itakutaka utafute nyingine na kuanza nayo upya, masika na kiangazi. Ni mwaka mzima."

Nikarudi wodini nikamwambia mama kwamba anajitoa.

"Nikijitoa, utafeli?"

"Nitachelewa."

"Basi sijitoi. Mimi nimekohoa tangu hujazaliwa, kikohozi hakijaniua. Maliza shule yako."

"Mama, daktari amesema."

"Daktari amesema anachokijua. Mimi nasema ninachokitaka."

Tulibishana hivyo siku mbili. Hatimaye sikumwomba tena. Yeye akiwa bado amelazwa, nilikwenda Bugomora, nikakitoa kifaa ukutani, nikaandika kwamba kaya ile imetoka. Mdogo wangu na fundi wakaanza kuchimba shimo la mtambo nyuma ya banda. Mama aliporudi na kuona udongo mwekundu umerundikwa kwenye migomba yake, hakunisemesha mpaka kesho yake.

Kaya ya kujazia nafasi ilipatikana bila mimi kuitafuta. Mjane anayepakana na kibanja chetu, rafiki wa mama wa miaka mingi, alikuja mwenyewe akaketi kwenye mkeka.

"Nimesikia kuna nafasi," akasema. "Niandike mimi. Si mwishoni nami nitajengewa?"

Nilimsomea maelezo yote, na kile alichosema daktari kuhusu moshi. Nilimwambia anaweza kukataa.

"Nikikataa nitapikia nini? Kuni hizi hizi, wala hakuna atakayekuja kunijengea."

Nikamwandika. Mama alikuwa akitusikiliza kutoka ndani, akakohoa, kisha akasema kwa Kinyambo aletewe maji.

Gesi ilipoanza kutoka, mama alipika uji, akautazama moto wa buluu kwa mashaka. Alilalamika kwamba chakula hakina harufu. Jiko lilikuwa safi, ungeweza kumwona mtu aliye upande wa pili. Lakini kikohozi hakikupungua. Mguu mmoja ulianza kuvimba, kisha wa pili. Tulirudi hospitali mara kadhaa, na kila mara alirudi nyumbani akiwa mwepesi zaidi mikononi mwetu.

Siku aliyofariki ilikuwa ya mvua. Mimi nilikuwa kwa mjane nikibadilisha betri ya kifaa, naye akichochea maharage. Moshi ulikuwa mzito kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Nikasikia mdogo wangu akiita kutoka mlangoni. Alikuwa haoni ndani.

"Dada. Toka, dada."

Nikatoka. Hakuwa amevaa koti la mvua.

Kifaa kilibaki ukutani kwa mjane, kikifanya kazi. Hakuna aliyekikumbuka. Watu walikuja kutoka Murongo, Nyaishozi, wengine kutoka Uganda ng'ambo ya mto, na gesi ya jiko letu isingeweza kulisha msiba. Wanawake wakahamia jikoni kwa mjane, kwa kuwa mvua ilikataa masufuria ya nje. Walipika humo tangu alfajiri hadi jioni, ndizi, maharage na chai, mpaka matanga yalipokwisha.

Miezi ilipita kabla sijafungua vipimo vile. Nilipovichora, mstari wa kaya ile ulikwenda taratibu, kisha ukapanda ghafla, ukakaa juu, ukashuka. Msimamizi alipouona akasogeza kioo cha kompyuta upande wangu.

"Hapa kifaa kiliharibika?"

"Hapana. Ni msiba wa mama."

Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hatuwezi kukifuta kipimo kwa kuwa kinatuumiza. Tunakifuta kama si cha kweli. Nami nilijua hivyo. Nikakiacha, nikaandika chini ya mchoro: shughuli ya kijamii katika kaya.

Kwenye utetezi wa tasnifu, mtahini wa nje aliweka kidole palepale. Alitaka kujua ni shughuli gani inayotoa moshi kushinda vipimo vyote vya utafiti. Nilimjibu kwamba yalikuwa mazishi. Hakuuliza ya nani. Nilifaulu kwa masharti ya kufanya marekebisho, na rekebisho mojawapo lilikuwa kuyafafanua maneno yale. Niliyafafanua kwa sentensi tatu zisizo na mama ndani yake.

Makala ilikubaliwa, nikavaa joho. Mdogo wangu alikuja Dar kwa basi, akapiga picha, akasinzia kwenye kiti wakati wa hotuba. Nafasi za kazi za nishati nilizoomba zilitaka uzoefu, kwa hiyo muhula ulipofunguliwa nilikuwa tena Nyaishozi, ubaoni, nikichora tabaka za udongo.

Mjane alijengewa mtambo wake kama tulivyoahidi. Ulifanya kazi vizuri mpaka ng'ombe wake mmoja alipokufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Kinyesi cha yule aliyebaki kinatosha chai na uji tu. Ndizi na maharage amevirudisha kwenye mafiga, nje, chini ya mabati mawili ambayo mdogo wangu alimpigilia. Nikienda kumsalimia tunakunywa chai ya gesi. Mvua ikianza, ananiomba nimsaidie kuibeba sufuria, na tunaiingiza kwenye jiko lake la zamani pamoja na vijinga vyake vinavyofuka moshi.