Mkubwa Hajajenga

Ploti yangu ya kwanza niliinunua Maseno: vyumba vinane vinavyotazamana, uwanja mwembamba katikati, choo mwishoni. Aliyeniuzia alikuwa mama mjane aliyekuwa akihamia kwa binti yake. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati Kisumu, nimechoka kuwatajirisha wenye nyumba wengine. Nikachukua mkopo wa sako, chama chetu cha akiba cha walimu, nikaongeza akiba yangu yote, nikatia sahihi kwa wakili. Siku hiyo nilijiona nimeukata.

Kosa nililofanya lilikuwa la aibu kwa mtu anayefundisha hesabu. Nilipokwenda kukagua, chuo kikuu cha pale Maseno kilikuwa wazi. Kamba zilijaa nguo, muziki kila mlango, na mimi nikaona pesa tu. Sikujiuliza wanafunzi wakifunga nani atalala mle. Walipofunga, vyumba sita vikabaki na buibui, na buibui halipi kodi. Basi nikajifunza. Nikaanza kuwatafuta wapangaji wenye shughuli za kudumu: mama muuza mboga, fundi cherehani, mhadhiri kijana aliyesema yuko pale kwa muda mfupi tu na mpaka leo hajaondoka. Nikajifunza kukagua nyumba siku ya mvua, kuuliza maji yanatoka wapi kabla ya kuuliza bei, na kutomwamini dalali anayeniita bosi kabla hatujasalimiana.

Hayo naweza kumfundisha mtu yeyote, tena kwa maringo. Kilichonishinda ni kitu kidogo zaidi, nacho hakikuwa Maseno. Kilikuwa nyumbani kwetu, nje kidogo ya Bondo.

Tulizaliwa wavulana wawili. Mdogo wangu alikuwa fundi wa mashua Dunga, kando ya ziwa pale Kisumu, mtu wa misumari na randa, mcheshi kuliko mimi. Alipanga chumba kimoja mtaa wa Nyalenda na mkewe na watoto wawili, na kwa miaka yote niliyomjua akiwa mtu mzima alitaka jambo moja tu: kujenga nyumbani. Vyumba viwili na veranda, mkewe apate mahali pa kuita kwake. Mabati alikuwa ameshanunua, yamepangwa nyuma ya jiko la mama, kuku wanataga chini yake.

Lakini kwetu Wajaluo mdogo hamtangulii mkubwa kujenga. Vibanda vyetu vya ujana vilikuwa vimeshaanguka, baba yetu alikuwa ameshafariki, na kwa macho ya wazee hakuna kati yetu aliyekuwa na nyumba. Mpaka mimi nijenge, yeye angengoja.

"Bwana mkubwa," aliniambia siku moja, "wewe uko na vyumba nane huko Maseno na nyumbani huna hata kiota. Mimi nangojea wewe tu."

"Mwaka ujao," nikamjibu.

"Hiyo mwaka ujao ndiyo ile ya mwaka jana ama ni ingine?"

Tukacheka. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika, lakini alinirahisishia mambo kwa kucheka.

Baba yetu mdogo, ndugu wa baba, alikuja mwenyewe hadi Kisumu kuniona. Alikunywa chai yote kwanza, kisha akasema alichokuja nacho.

"Wuoda, mwanangu, hakuna mtu amekuambia ujenge gorofa. Weka miti nne, mabati, mlango. Ulale hapo siku moja na mama watoto. Ndugu yako apate njia."

Nilimwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafikiria. Kule nyumbani walinijua kama mwenye ploti. Ningewezaje kusimamisha banda la mabati, watu wapite barabarani na kusema, tazama, yule tajiri wa Maseno? Nilikuwa na ramani kwenye droo: vyumba vinne vya kulala, vigae sakafuni, dirisha kubwa linaloangalia upande wa ziwa. Ningejenga hiyo ama nisijenge. Mila zenyewe nilizicheka mbele ya walimu wenzangu, nikaziita mambo ya zamani. Lakini sikuwahi kusimama mbele ya wazee nikasema mdogo wangu ajenge, mimi nimemruhusu, lawama iwe yangu. Nilizidharau mila na bado nikaziacha zimfunge yeye.

Kisha ikatokea ploti ya pili, mtaa wa Manyatta hapo Kisumu, bedsita kumi, vyumba vya mtu kulala na kupika humo humo, ambazo mwenyewe alishindwa kumalizia. Bei ilikuwa nzuri. Pesa za vigae na dirisha kubwa zikaenda huko, nami nikajiambia kwamba kodi ya vyumba hivi ndiyo itakayojenga nyumbani. Hii nyumba itazaa ile. Nilikuwa naipenda sana hiyo hesabu.

Milango ya Manyatta aliiweka mdogo wangu, Jumapili baada ya kanisa, na hakutaka malipo zaidi ya chakula cha mchana. Alipomaliza wa kumi aliketi kwenye ndoo ya rangi akajifuta jasho.

"Omera, ndugu yangu, hii milango yote nimeweka, na mimi jioni naenda kufungua ya mwenye nyumba."

Nilimwelewa vizuri sana, na ndiyo sababu nikamjibu kwa haraka. Nikamwambia achukue chumba kimoja pale pale, kwa nusu ya kodi. Akakubali, akahamia na familia yake. Nilirudi kwangu nikimsimulia mke wangu jinsi nilivyo ndugu mwema. Kwa hiyo ndugu yangu wa tumbo moja, aliyekuwa akiniomba njia ya kujenga kwake, nikamfanya mpangaji wangu.

Mwaka mmoja kabla ya msiba, mtoto wake mkubwa aliingia sekondari, naye akayauza yale mabati. Aliniambia kwa simu, bila uchungu wowote niliousikia. "Ukianza kujenga nitanunua mengine," akasema. Nikashukuru moyoni kwamba haraka imepungua. Najuta mengi, lakini kushukuru kule ndiko ninakojutia zaidi.

Alianguka Dunga asubuhi, akipigilia mbao za mashua ya mtu. Presha, walisema. Tulipomfikisha hospitali alikuwa ameshatuacha.

Kwetu mtu mzima mwenye mke hazikwi kabla ya kulazwa nyumbani kwake. Na yeye hakuwa na nyumbani kwake. Wazee wakakaa, na baba mdogo akasema kile ambacho wote tulikijua: atajengewa. Lakini hata katika kifo hatamtangulia mkubwa. Kwanza yangu, halafu yake.

Siku ya kumleta, mafundi walifika alfajiri na lori la mbao. Sikufungua droo kutoa ramani. Wakachimba mashimo manne mahali baba mdogo alipowaonyesha kwa fimbo, wakasimamisha miti, wakazungusha mabati, wakatia mlango. Mimi nilishika nguzo ya kwanza kwa sababu ilibidi niishike mimi. Jua lilikuwa halijafika utosini walipopigilia msumari wa mwisho, wakakusanya vifaa na kuvuka uwanja kwenda kuanza yake. Gari lililombeba lilikuwa limeshafika, limesimama nje ya lango, likingoja.

Mke wa mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wa ukoo. Akainuka, akaja polepole hadi mbele ya kibanda changu. Akakiangalia. Akausukuma mlango, akachungulia ndani, ambamo hamkuwa na kitu ila udongo mpya na vipande vya mbao. Kisha akanigeukia. Hakuwa akilia wakati huo, na sauti yake haikuwa na hasira. Aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

"Shemeji, kumbe ni hii tu tulikuwa tunangojea?"

Nikamwambia ndiyo, ni hii tu.