Kibao cha Njia ya Ziwani

Ukitaka kumjua Bi Rudisha, jaribu kuteremka mlimani na kijiwe mfukoni. Kijiwe tu, cha kumpelekea mama nyumbani. Utamkuta langoni mwa hifadhi, mikono kiunoni, sweta la sufu limevutika hadi magotini, na kabla hujamwamkia atakwambia, "Rudisha." Urudishe vipi, nawe magoti yanatetemeka kwa kushuka tangu asubuhi? Hiyo shauri yako. Yupo bwana harusi mmoja aliyepandishwa tena hadi kwenye theluji na ua lake mkononi, bibi harusi akimsubiri chini garini, amenuna. Ua likishachumwa haliwi hai tena, na Bi Rudisha alilijua hilo vizuri sana. Alitaka tu miguu ya bwana harusi nayo ilijue.

Kazi yake hasa ilikuwa kufundisha. Aliingia hifadhini kuosha vyombo katika nyumba ya wageni, akajifunza njia kwa kuwafuata waongoza watalii siku zake za mapumziko, na mwishowe wakampa chumba kimoja kando ya lango, chenye mabenchi, fuvu la kondoo wa mwitu na ramani iliyoliwa na unyevu. Humo aliwapokea watoto wa shule. Hakuzaa, na ukimuuliza habari za watoto atakujibu kwamba anao, tena wanamchosha. Aliwaonyesha majani ya huko juu ambayo hukaa miaka mingi kabla ya kufikia urefu wa kidole, kisha mtu na buti lake akayamaliza kwa hatua moja. Lakini somo la kwanza halikubadilika: mlimani, kibao kikisema, mnatii.

"Hata mwalimu wenu akisema vingine?"

"Tunatii kibao!"

Mwalimu atatabasamu kwa taabu, afanye nini?

Sasa basi, njia ya kwenda ziwani ilikuwa imefungwa. Mhifadhi Mkuu, bwana mwenye sauti nzito na viatu vinavyong'aa hata kwenye matope, alikuta ukingo wa ziwa umechafuliwa, akasema ni watoto wa shule, nani mwingine? Bi Rudisha akamkalia kooni msimu mzima mpaka akachoka.

"Haya, lete darasa moja," alisema Mkuu. "Nitapanda mwenyewe. Nikikuta taka hata moja, njia naifunga kabisa, na kile chumba chako nakifanya duka la kofia na vikombe. Tumeelewana?"

Walielewana. Bi Rudisha alitoka ofisini moyo umemshuka. Bila ziwa angewafundishia wapi, kwenye ramani ya unyevu?

Akaamua kuweka kibao. Mchora vibao wa hifadhi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtu mwenye mkono mzuri na mdomo usiopumzika. Akampigia simu, upepo nao ukivuma kama umetumwa.

"Shemeji, andika: Usiache taka. Basi."

"Basi tu? Hilo si tangazo, shemeji, hilo ni kofi. Wacha nitie adabu kidogo."

"Usiongeze kitu! Usiache taka!"

"Nimekusikia, shemeji yangu wa dhahabu. Tulia."

Thubutu! Alikichora kwa rangi ya kijani, maua pembeni, akakipandisha mwenyewe na kukisimika ukingoni mwa ziwa, akashuka akipiga mbinja. Kibao kilisema hivi: MGENI MPENDWA, TAFADHALI USIACHE KUTUPA TAKA ZAKO HAPA.

Umeona balaa? Alitaka kuandika watu waache kutupa, akakumbuka kaambiwa usiache, akayafungisha ndoa maneno yote mawili.

Siku yenyewe ilipofika, darasa lilitangulia na mwalimu wao. Bi Rudisha alibaki nyuma akimshika mkono binti mmoja mwenye pengo la meno ya mbele, aliyepata malengelenge kisiginoni. Walipotokeza ziwani, loo! Maganda ya ndizi huku, karatasi za biskuti kule, chupa zikielea majini. Na watoto wamesimama wima kando ya kibao, wanangoja kusifiwa.

"Shangazi, tumetupa zote!"

"Mmefanya nini?"

"Tumetii! Mwalimu alitukataza, lakini kibao kimesema tusiache."

Mwalimu alikuwa juu ya jiwe, ameshika tama. "Wamenishinda," alisema. "Na kisarufi wako sahihi."

Bi Rudisha akasoma kibao. Akakisoma tena. Aliyomwambia shemeji yake pale, bila shemeji kuwepo, siwezi kuyaandika, na tushukuru kwamba upepo uliyachukua. Alipogeuka, kwenye kona ya njia ikaonekana kofia ya Mhifadhi Mkuu.

Mkuu alifika anahema, chupa tupu ya maji mkononi. Watoto hawakumjua, wao walimwona mzee tu aliyechoka. Binti wa pengo akamsogelea kwa heshima zote.

"Shikamoo, babu. Umebaki wewe tu. Tupa chupa yako."

"Nini?"

"Kibao kimesema usiache."

"Tupa! Tupa!" darasa zima likaitikia.

Mkuu akasoma kibao, midomo ikicheza. Akayatazama maganda, akamtazama Bi Rudisha, ambaye kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka na baridi yote ile.

"Bi mkubwa," akasema taratibu, "mimi na wewe tulielewana nini?"

Angemtaja shemeji, lakini kuifafanua ile sentensi kungechukua mchana kutwa. Aliogopa, niseme kweli. Aliliona duka la kofia limeshafunguliwa. Akawageukia watoto akapiga ukelele: "Rudisheni!"

Neno hilo walilijua kuliko majina yao. Wakatawanyika mbio, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake, wakazoa zao zote, na zilipokwisha hawakukubali kwamba zimekwisha. Wakajipenyeza kwenye nyufa za miamba, mahali ambapo mtu mzima hapitishi hata bega, na huko wakatoa mambo: makopo yenye kutu, mifupa ya kuku, mishumaa, kofia za karatasi. Lundo likapanda mbele ya viatu vya Mkuu.

"Hizi si zetu," alisema yule binti, akiburuta kitambaa kirefu kilichoanza kuoza. Wenzake wakamsaidia kukikunjua. Herufi za kijani, maua pembeni. Wakasoma kwa pamoja, kwa sauti ya darasani:

"Ho-nge-ra kwa che-o ki-pya, Mhi-fa-dhi Mku-u we-tu mpe-ndwa!"

Ilikuwa sherehe ya wafanyakazi, iliyofanyiwa hapo hapo ziwani, ambayo Bi Rudisha aliikosa kwa sababu dada yake alikuwa amelazwa kujifungua. Wiki nzima walimsimulia ilivyofana, ila habari ya usafi haikutajwa na mtu. Sasa alijiuma mdomo kwa ndani mpaka ukauma kweli, maana kicheko kilikuwa kinakuja na hakikuwa na heshima hata kidogo.

"Shangazi," binti akauliza, "huyu Mhifadhi Mkuu ni nani?"

Bi Rudisha akamtazama Mkuu. Mkuu akalitazama ziwa.

"Sijui nikujibuje, mwanangu," alisema kwa upole wa kuudhi. "Hebu muulize babu."

Mkuu akakohoa. Akaivua kofia. "Ni mimi," alisema.

"Aa," binti akasema, bila ubaya wowote, akimpa gunia la vitafunio walilopanda nalo. "Basi shika gunia."

Akalishika. Watoto wakawa wanatia, naye ameinama, suruali imeingia tope, na hakuna aliyemsaidia kulishika.

"Lipo darasa jingine linalotaka kupanda?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Yapo mengi, Mkuu."

"Waje."

 Bi Rudisha akakaa juu ya jiwe karibu na mwalimu, akacheka mpaka machozi yakamtiririka, na mwalimu, asiyejua lolote kuhusu duka la kofia, akampa leso na kumwambia asilie, watoto ndivyo walivyo.